Chupa Mpya ya Bunduki ya Apools

Jumamosi asubuhi, mavuno ya zabibu yakiwa yameanza, Apools Esau alitandika gazeti kuukuu juu ya meza ya jikoni, akailaza bunduki yake ya upepo chali, akaanza kufungua mtungi wa chuma uliokuwa chini ya mtutu. Mtungi ule ulikuwa mdogo na mzito. Hewa yake ilitosha kufukuza ndege aina ya kwezi kwenye mistari michache ya mizabibu, kisha ikabidi arudi nyumbani kuujaza upya, na kwezi wa Mto Orange si wajinga. Walikuwa wakisubiri juu ya nguzo mpaka wamwone ametoka getini, ndipo wanashuka kula kwa nafasi. Kwa hiyo bosi Lategan, mwenye shamba, alikubaliana na muuzaji kuutoa mtungi ule pamoja na nyongeza kidogo, akapewa chupa kubwa ya nyuzi za kaboni, nyeusi, nyepesi kama mkate, yenye kubeba hewa mara tatu ya ule wa zamani.

"Sasa huna kisingizio cha kurudi nyumbani kunywa kahawa," bosi alisema alipoileta.

"Kahawa nitaibeba, bosi."

Apools aliupaka mpira wa kuzibia grisi maalumu ya silikoni. Mafuta ya kawaida yakikutana na hewa iliyoshindiliwa hulipuka, naye alikuwa na kovu kidevuni la kumkumbusha. Akaizungusha chupa kwa mkono mpaka hesi zikashikana na chupa ikakaa. Chupa ya namna hii haikazwi kwa spana.

"Hicho kitu kikilipuka, ulipuke nacho huko huko nje," mkewe Siena alisema kutoka chumbani. "Mashuka yangu ni masafi."

Siena alikuwa na kifua cha bluu. Madaktari wanauita ugonjwa huo kwa jina la asibesto, lakini watu wa Blouklip wanauita kwa rangi ya jiwe lenyewe. Zamani, Siena akiwa msichana mdogo, kampuni ilichimba jiwe hilo kilimani nyuma ya mji. Akina mama walilivunja kwa nyundo wakatoa nyuzi zake, na watoto wakatiwa ndani ya magunia waruke, wazishindilie, ili kila gunia libebe zaidi. Siena alikuwa hodari wa kuruka. Kampuni ilipochoka ilikwenda zake ikaacha vifusi vya bluu, na kila alasiri upepo hulipeleka vumbi lake mjini, nyumba kwa nyumba, bila ubaguzi.

Kwa sababu hiyo hakuna mtu wa Blouklip anayejaza kitu hewa nje. Iwe tairi, mpira wa watoto au bunduki, kinajazwa ndani, kwa maana vumbi lile hukwaruza mipira ya kuzibia na kuziba vichujio. Na kinajazwa katika chumba kisafi kuliko vyote, ambacho katika kila nyumba ni chumba cha mgonjwa, kwa kuwa ndicho chenye mablanketi yaliyoloweshwa maji madirishani. Mtu wa mji mwingine angeshangaa. Apools aliisimamisha pampu kando ya kitanda cha mkewe kama alivyofanya miaka yote, akamwita jirani yao Mietjie Kammies aje kumsaidia.

Walipokezana kupiga pampu mchana kutwa, wakipumzika ili chuma kipoe. Siena naye aliongea. Alimsema mke wa mchungaji kwa kofia yake, alimwagiza Mietjie apunguze moto kwenye utumbo wa kondoo, alimwambia Apools anapiga pampu kama mtu anayekanda unga. Sindano ya geji ilipanda polepole mpaka ikaingia kwenye kijani. Ilipofika, Siena alikuwa amenyamaza, amelala mdomo wazi.

Jumatatu Apools aliingia kwenye mizabibu alfajiri. Kwezi walikuwa wamekwisha kutua. Alilenga, akavuta, na badala ya ule mlio mkavu wa siku zote, sauti ya Siena ikatoka mtutuni ikapita juu ya mizabibu, "Fungeni mlango, nzi wanaingia," na kwezi mmoja akaanguka. Risasi ya pili ilitoka na kicheko. Ya tatu ilikuwa kikohozi kirefu, nayo ilifika mbali kuliko zote.

Wachumaji hawakuacha kuchuma. Mietjie alikata kishada akakiweka kwenye kreti.

"Leo Siena ana maneno," alisema.

"Lini amekosa?" akajibu mwanamke wa mstari wa pili.

Kufikia saa nne ndege wote walikuwa wamehamia shamba la jirani. Bosi Lategan alikuja na gari lake, akasikiliza risasi mbili tatu, akafurahi.

"Sauti ya mkeo inawafukuza hata kabla ya risasi."

"Hata mimi ilishanifukuza, bosi. Nilirudi kwa sababu ya chakula."

Walicheka wote wawili. Apools aliporudi nyumbani alimkuta Siena ameketi ukingoni mwa kitanda, amekamata godoro kwa mikono miwili, midomo yake ina rangi ya bluu ya kilimani. Sista Bosman wa kliniki alikuwa amekwisha kufika. Hakuja na mtungi wa oksijeni, maana gari la mitungi lilikuwa linasubiri tairi.

"Pumzi aliyokuwa nayo wiki iliyopita siioni," Sista alisema. "Haikuzibwa. Imetolewa."

Siena hakuwa na pumzi ya kujibu, akaionyesha bunduki kwa kidole. Sista aliitazama geji, akatikisa kichwa kama anayeonyeshwa kitu kilichopotea uvunguni. Akaielekeza chupa kwenye mdomo wa Siena, akalegeza kiskrubu cha kupunguzia hewa. Hewa ikatoka ikiimba, na Siena akaivuta, akaivuta tena, mpaka mashavu yakarudi na akauliza kama kuna utumbo wa kondoo umebaki.

"Msiimalize," Sista alisema akifunga mkoba wake. "Ni yake, lakini nyingine sijui mtaitoa wapi."

Basi ikajulikana. Mtungi wa zamani nao bila shaka ulikuwa ukinywa pumzi ya Siena miaka yote, ila ulikuwa ukinywa kidogo kidogo, na umaskini wa namna hiyo mtu huuzoea.

Apools alijaribu kuijaza chupa mahali pengine. Aliijaribu kanisani, kisha darasani, kisha jikoni kwa bosi ambako kuna marumaru na madirisha ya vioo viwili. Alipiga pampu mpaka chuma kikawa cha moto, na sindano haikunyanyuka. Bosi mwenyewe aliipeleka mjini kwa zimamoto wenye mashine kubwa. Mkuu wao aliikagua, akairudisha, akasema chupa ni nzima kabisa, ila haitaki. Na mtungi wa chuma ulikuwa umekwisha kwenda kwa mwingine.

"Sasa, Apools," bosi alisema, akiangalia mizabibu iliyodonolewa. "Nifanyeje?"

"Nipe kazi nyingine, bosi. Nitachuma."

"Wachumaji wametimia. Na nyumba mnayokaa ni ya mfukuza ndege, unajua. Mimi sikufukuzi. Kazi ndiyo inayofukuza."

Alisema hivyo kwa huruma ya kweli, na jioni alimpelekea Siena kreti ya zabibu. Jambo hilo lilimuuma Apools kuliko tusi. Angependa kumpata mtu wa kumchukia sawasawa, lakini bosi alikuwa mwema namna ile na kampuni haikuwa na uso. Alikaa kwenye kizingiti na bunduki mapajani akaogopa. Akihama, vyumba vilivyokuwa wazi ni vile vya chini ya kilima, ambako upepo hauna haja ya kubisha hodi, na Siena asingemaliza wiki kule.

"Jaza," Siena alimwambia.

"Sijazi."

"Apools, usiniletee ukaidi nami nina kifua. Nikifa, nife kwenye kitanda changu. Jaza. Safari hii maneno nitayachagua mwenyewe."

Akajaza. Alipiga pampu huku machozi yakimtiririka, na Siena hakumtania. Alikaa wima na mto mgongoni, akasema neno, akasubiri pampu ishuke, akasema lingine. Hakumgusa mke wa mchungaji. Alitaja watoto aliorukaruka nao kwenye magunia, kwa majina yao na ya mama zao.

Tangu siku hiyo bunduki ya Apools ikawa inaita majina. Iliita, "Lenie wa Mama Lys," na kwezi wakaruka. Iliita, "Dampies, mdogo wake Jakop." Mchumaji aliyesikia jina la nduguye aliweka kisu chini kidogo, kisha akakiokota, kwa sababu zabibu haziwezi kusubiri. Jioni Apools alikuwa akirudi na chupa yenye hewa kidogo, anamrudishia Siena mdomoni, wanakula, wanajaza tena. Kila walipojaza, sindano ilisimama chini ya pale ilipokuwa imesimama jana.

Karibu na Pasaka walikuja wageni wa serikali, wale wanaokuja kila mwaka kuangalia vifusi. Huwa wanasimama kwenye mpaka wa shamba la Lategan, kwa kuwa pale kilima kinaonekana vizuri na hakifikiki. Walishuka kwenye magari meupe wamevaa barakoa. Asubuhi hiyo Siena alikuwa ameisubiri safari yao. Alikuwa ametia chupani pumzi yote aliyoweza kuikusanya, na alipomaliza alimwambia mumewe asibakize.

Apools alisimama mbele ya wageni, akavua kofia, akaielekeza bunduki kilimani, akavuta.

"Tulitiwa guniani tukaambiwa turuke," Siena alisema.

Akaweka kirisasi kingine. "Aliyeruka sana alipewa peremende." Kingine. "Mimi nilipewa nyingi." Kingine. "Jiwe lenu liko kifuani mwangu na vumbi lake liko kwenye chai yangu." Kingine. "Kifunikeni hicho kilima."

Hayo ya mwisho aliyarudia mara nyingi, kila mara kwa sauti ndogo zaidi, mpaka kirisasi kikatoka mtutuni na kuanguka karibu na kiatu cha Apools.

Kiongozi wa wageni, mama mmoja mwenye viatu vizuri, alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameinamisha kichwa.

"Sauti imesikika vizuri," alisema. "Nani huyo?"

"Mke wangu, mheshimiwa."

"Yuko wapi?"

"Nyumbani. Anatafuta pumzi."

"Mwambie tumemsikia." Alisema hivyo kwa upole, na hakuwa akidanganya. Mwaka wa nyuma walikuwa wamemsikia vilevile Jakop, kaka yake Dampies, aliyesema kwa mdomo wake mwenyewe kabla hajazikwa. Wakala zabibu za bosi, wakazisifu, wakapangusa viatu, wakaondoka kabla upepo wa alasiri haujaanza.

Apools alikimbia. Si mtu wa kukimbia, ana goti bovu, lakini alikimbia na bunduki begani mpaka chumbani.

"Walisikia?" Siena aliuliza. Swali lilimchukua muda.

"Walisikia."

"Wakasemaje?"

"Wamesema wamekusikia."

Siena alitaka kucheka. Kicheko kilikuwa kikubwa kuliko kilichobaki, kikamkwama. Apools alimwekea chupa mdomoni akakifungua kiskrubu chote, na hakikutoka kitu. Akapuliza chupani yeye mwenyewe kwa mdomo wake, akijua haisaidii. Siena alimshika kovu la kidevuni kwa kidole gumba. Alikufa kabla viazi havijaiva.

Walimzika kwenye makaburi ya chini ya kilima, maana hakuna mengine. Bosi alitoa lori na akavua kofia. Mke wa mchungaji alikuja na ile kofia yake, akalia kuliko wote, na Apools alimsamehe kwa niaba ya marehemu. Upepo ulianza katikati ya sala. Watu wakafunika midomo kwa leso, mchungaji akafupisha.

Apools hakufukuzwa kwenye nyumba. Mavuno yalikuwa yamekwisha na ndege wamekwenda zao, akapewa kazi ya kukata matawi. Chupa ilikaa kwenye stoo ya bosi imefungwa kwenye blanketi, na watu walidhani habari zake zimekwisha.

Zabibu zilipoanza tena kupata sukari, kwezi walirudi wengi kuliko mwaka uliopita. Bosi Lategan alifika mlangoni kwa Apools na chupa mkononi. Aliongea huku akitazama viatu vyake.

"Nimefikiria, Apools. Haikatai hewa yote. Inataka kifua cha kule kilimani. Mietjie naye alirukaruka magunini, sivyo?"

"Alirukaruka, bosi."

"Na nyumba yake ni ya shamba."

"Ni ya shamba."

"Nimeshazungumza naye. Hakukataa."

Apools alipoingia kwa Mietjie na pampu, Mietjie alikuwa ameketi kitandani amefunga kilemba chake cha kanisani, mikono juu ya magoti. Alikuwa ameyalowesha mablanketi ya madirishani mwenyewe na kufagia. Apools alifunga chupa kwa mkono, akaukagua mpira, akasimama juu ya pampu bila kuanza.

"Sasa unasubiri nini?" Mietjie alisema. "Kwezi wataanza kula."

Akashusha mpini mara moja, na sindano ikanyanyuka pale pale.

"Taratibu, jirani," Mietjie alisema. "Mimi si mwepesi wa maneno kama Siena."

Apools akapunguza mwendo, lakini hakuacha.