Ruhusa ya Yvette

Kiti kilimkataa Marthe siku hiyo. Alikaa, akainuka, akakaa tena. Mwaka ule wa 2009 alikuwa mkalimani wa utafiti wa dawa mbili za malaria katika hospitali ya Mbarara, Uganda, yeye mwenyewe mkimbizi wa kambi ya Nakivale, mzaliwa wa Uvira, Kongo.

Mbele yake alikuwa Yvette, jirani yake kambini, amempakata mwanawe Ulrich wa miaka mitatu, anayechemka homa. Marthe alimsomea yote karatasi ya ruhusa ya kumwingiza mtoto kwenye utafiti. Kila sentensi Yvette aliitikia, "Ndiyo, mama," upesi upesi, kidole kikielea juu ya wino.

Kuitikia kule kulimchoma Marthe. Miaka miwili nyuma naye aliitikia vivyo hivyo, kwa ajili ya binti yake Divine, akiamini kwamba anayekataa hutolewa nje pamoja na mtoto wake.

Akakifunika kidau cha wino, akauliza kwa Kiswahili cha kwao Kongo: "Yvette, ukikatala, itakuwaje?"

Yvette alitazama mlango. "Si mutatufukuza? Mutoto akufe mu njia?"

"Marthe," aliita Safiyah, muuguzi wa zamu, "watu bado wengi. Aweke kidole tu."

"Hajaelewa, sista."

"Si amesema ndiyo?"

"Amesema kwa woga."

Marthe akachutama, akaeleza upya bila karatasi. Akikataa, Ulrich atapewa dawa ya kawaida, hapa hapa, leo. Akikubali, kura itachagua moja kati ya dawa mbili, kisha atafuatiliwa siku ishirini na nane.

"Kura?" Yvette alishtuka. "Kumbe badokta habajue dawa gani iko muzuri?"

"Habajue. Ndiyo maana banatafuta."

Yvette alimfuta mwanawe jasho, akamtazama kwa muda. "Basi mi nakatala."

Safiyah alisonya, lakini akaleta dawa. Ulrich alitema kidonge cha kwanza, cha pili akakimeza.

Mchana daktari mkuu wa utafiti alimwita Marthe.

"Nasikia tumempoteza mtoto mmoja wa utafiti."

"Hatukumpoteza, daktari. Yuko kivulini pale nje, homa inashuka."

Daktari alichungulia dirishani. Kesho yake aliagiza kila mzazi aulizwe, kabla ya wino, ameelewa nini. Juma hilo watatu walikataa, kumi na mmoja wakakubali. Foleni ilirefuka, Safiyah akanung'unika, na Marthe akaeleza mpaka sauti ikamkauka.