Sinema Kwenye Sanda ya Bi Biubwa

Alhamisi ile Bi Biubwa alikuwa barazani kwake Mzenga anamenya mihogo, maganda anamtupia mbuzi wa jirani, ambaye alikuwa na mazoea ya kuja bila kuitwa. Mihogo ilikuwa ya Jumamosi. Mwanawe Halidi, mwenye kazi ya ofisini Kibaha na nyumba Mkuza, alikuwa amepiga simu kwamba atakuja na mgeni kuliangalia shamba. Kuangalia tu, mama. Bi Biubwa akasema karibuni, akaenda kung'oa mihogo. Nyumba ile na mikorosho iliyoizunguka ndipo alipoolewa, akazaa, akafiwa. Hakuwa na mahali pengine.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu. Pita, mwanangu, usimwogope huyo, anataka maganda tu."

Akaingia binti mwenye fulana iliyoandikwa Kiarabu kifuani na Kiswahili mgongoni: Tamasha la Filamu za Kiarabu za Leo.

"Shikamoo bibi. Naitwa Blessing, natokea Kibaha, kwenye tamasha."

"Marahaba. Tamasha la nini tena? Si Mwenge umeshapita?"

Blessing akaeleza. Wiki nzima walikuwa wakionyesha filamu za Uarabuni katika ukumbi mmoja pale Mkuza, na leo wameileta moja Mzenga, waionyeshe kwenye ghala la korosho. Ila walipofika wakakuta wamebeba vyuma vya pazia la sinema, pazia lenyewe wameliacha. Sasa wanatafuta kitambaa cheupe kikubwa kisicho na ua.

Alikwishazunguka kijiji kizima. Mashuka ya Mzenga yalikuwa ya maua, ya mioyo, ya simba wawili wanatazamana, na moja la timu ya mpira ambalo mwenyewe hakutaka hata liguswe. Kila nyumba walimwambia neno moja: nyeupe tupu, nenda kwa Bi Biubwa.

Ni kweli alikuwa nayo, na kila mtu aliijua. Ilikuwa sanda yake. Wifi yake aliitoa Maka, akaichovya kwenye Zamzam, akamletea ikiwa jora zima. Ilikaa kwenye sanduku chini ya kitanda pamoja na kafuri, udi na pamba, ikisubiri.

Bi Biubwa akafikiri kidogo huku kisu kiko mkononi. Filamu ni ya Waarabu. Itasemwa Kiarabu. Kiarabu kikipita juu ya sanda jioni nzima, sanda haiwezi ila kuzidi baraka. Akaenda akaitoa.

"Msiikate," akasema. "Hukatwa siku yenyewe."

Baada ya alasiri watu wakajaa ghalani. Viatu viliachwa mlangoni, na Blessing alipoona vya wenzake vimepangwa naye akavua vyake. Wanaume walikaa mbele na kofia zao, wanawake nyuma, na mtu mmoja alikuja na chetezo. Shehe Mwinyijuma akapewa kiti cha peke yake. Madirisha yakazibwa magunia, sanda ikawaka mwanga, na mwanamume mmoja akatokea kwenye roshani anazungumza Kiarabu kwenye simu.

Kila alipopumua, ghala zima likaitikia, "Amina."

Chini ya picha yalikuwa yanapita maneno ya Kiswahili, na waliojua kusoma ndio waliogundua kwanza kwamba yule bwana anapatana bei ya nyumba ya mama yake. Amina zikapungua upande wa mbele. Huku nyuma ziliendelea mpaka mwisho, kwa hiyo nyumba iliuzwa kwa dua nyingi.

Bi Biubwa aliacha shule darasa la tatu. Alipofika "nyumba ya" maneno yalikuwa yameshaondoka, yamekuja mengine. Lakini hakuyahitaji sana. Alimwona yule mama, Ummu Samir, ameketi kwenye kiti nje ya mlango wake, nyumba ya ghorofa iko nyuma yake, na wanawe wawili wamesimama. Mkubwa, Samir, yule wa simu, akamgusa mama yake begani mara mbili, polepole, kama mtu anayejaribu kama papai limeiva. Bi Biubwa aliujua mguso ule. Halidi alikuwa nao.

Filamu ikaisha, Blessing akaikunja sanda vizuri, akairudisha kwa shukrani nyingi, wakaondoka.

Ijumaa asubuhi sanduku lilinuka kahawa yenye iliki. Bi Biubwa akaitoa sanda, akaianika kwenye kamba kati ya mkorosho na nguzo ya jiko. Ummu Samir alikuwa palepale juu ya kitambaa, kwenye kiti chake na kikombe mkononi, wanawe wamejiegemeza ukutani wanavuta sigara.

"Sabalkheri," akasema Bi Biubwa.

Mwenzake akaitikia. Baada ya hapo Kiarabu kikamwishia Bi Biubwa, ila kila Ummu Samir aliposema neno, Kiswahili chake kilitokea chini, kwa herufi nyeupe zenye ukingo mweusi. Bi Biubwa akawa anasoma kwa kidole. Akichelewa, yule mama alikunywa kahawa kidogo, akarudia. Naye akijibu, herufi za Kiarabu zilijipanga kwenye upindo wa sanda kwa faida ya wa upande ule.

Bi Biubwa hakuwa na neno na wageni. Lakini ile ilikuwa sanda. Akawaomba radhi, akaitia sanda kwenye beseni, akaifua kwa sabuni na buluu. Ummu Samir akapandisha gauni lake mpaka magotini, vijana wakakimbilia ghorofa ya tatu. Ilipoanikwa tena, wote walishuka wakiwa wamelowa, na yule mama akatandaza nguo zake kwenye roshani, kwa hiyo siku ile ilianikwa nguo ambayo ndani yake zimeanikwa nguo.

Shehe Mwinyijuma alipotoka msikitini akaitwa.

"Shehe, nitazikwaje na watu hawa?"

Shehe akaitazama sanda, akaenda na upande wa pili. "Huku nako wapo," akasema. "Ila bibi kashika kikombe kwa mkono wa kushoto. Ni Waislamu?"

"Mama mtu anaswali. Hao wanawe leo Ijumaa sijawaona wakienda popote."

"Hilo hata Mzenga lipo." Akashika ndevu. "Sanda sharti iwe twahara, na mtu si najisi. Lakini kaburi ni la mmoja, Bi Biubwa, na hawa wana ghorofa. Mpigie mwenye sinema."

Bi Biubwa akampigia kwa namba aliyoachiwa.

"Bibi! Kumbe wako huko?" akasema Blessing. "Mbona tumewatafuta! Asubuhi hii nimeionyesha filamu hapa Mkuza mbele ya majaji, imetoka nyumba tupu na pazia linapepea, basi, mpaka mwisho. Majaji wamelia, bibi. Wamesema hawajaona kimya kama kile. Wameipa zawadi ya kwanza! Sasa nikiwarudisha hao watu nitasema nini?"

"Basi waache, mwanangu," akasema Bi Biubwa, ambaye hakupenda kumharibia mtu kazi.

Mchana ule yeye na Ummu Samir wakazungumza sana, mmoja kwenye kigoda, mmoja kwenye kiti chake. Ummu Samir akasema ngazi za nyumba ile alizijenga marehemu mumewe kwa mikono yake, na moja ni fupi kuliko nyingine, kila mgeni anajikwaa. Wanawe wamemwambia atapumzika.

"Na wewe unao wangapi?" maneno yakauliza.

"Mmoja tu," akasema Bi Biubwa. "Anakuja kesho. Kuangalia."

Ummu Samir akakiweka kikombe chini.

Jumamosi Halidi akaja kwa gari na mgeni wake, bwana Melkiori, mtu wa bara mwenye miwani na buti safi. Halidi alileta mkate, sukari na doti ya kanga. Alikuwa kijana wa adabu, hilo hakuna aliyelikana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Wazima huko?"

"Wazima, wanakusalimu."

"Naona mna wageni," akasema Melkiori, akiinama kidogo mbele ya sanda.

"Wamekuja na tamasha."

"Hongereni."

Mihogo ikaliwa, na Melkiori aliisifu. Akazunguka mipaka, akauliza mikorosho inaishia wapi, akasema itakatwa yote, patapimwa viwanja. Kule kuangalia kukawa kumekwisha kabla chai haijapoa. Halidi akatandaza karatasi mkekani, akamsomea mama yake kwa sauti ya upole. Palikuwa na mahali palipoandikwa kwamba mama mzazi ameridhia.

"Nani kasema nimeridhia?"

"Mama, hiyo ni lugha ya karatasi tu. Ndivyo zinavyoandikwa."

"Basi andikeni sijaridhia, tuone kama karatasi itakataa."

Melkiori akatazama buti zake.

"Mama, usinitie haya mbele ya mgeni," akasema Halidi. "Shamba ni la baba, na mwanamume ni mimi. Thumuni yako, sehemu ya nane ya mjane, nimeifikiria. Chumba cha uani kwangu Mkuza kipo, kina umeme, maji ya bomba yako mlangoni. Utapumzika." Akamgusa begani mara mbili.

"Mimi sijachoka, Halidi."

Kwenye sanda Ummu Samir alikuwa amesimama. Alisema maneno mengi, na herufi zilikuwa kubwa kuliko siku zote, zikapanda mpaka kifuani kwake. Halidi alikuwa amewapa mgongo. Alikuwa anahangaika na kalamu, imegoma. Akaikwaruza kiganjani, akaipulizia, akaitikisa. Melkiori akapapasa mifuko, hana. Mzenga nzima watu wako shambani, duka limefungwa, na kwa muda mfupi ilionekana kama nyumba ya Bi Biubwa imepona kwa kukosa wino.

Hapo Samir, aliyekuwa amekunja mikono anatazama, akachomoa kalamu kwenye mfuko wa shati lake na kuinyoosha. Sanda ikatuna kidogo kama iliyopigwa na upepo. Akasema neno la Kiarabu, na mtu aliyekuwa anapita njiani na jembe lake akalisikia, akaitikia, "Amina."

"Shukrani, kaka," akasema Halidi.

Akatia sahihi. Melkiori akatia ya kwake. Ilikuwa kalamu nzuri, inaandika laini. Halidi akairudisha, Samir akaifuta, akaichomeka mfukoni, kisha wakapeana namba za simu.

Ummu Samir akaketi. Bi Biubwa naye akaketi. Mbuzi wa jirani akaja, akakuta maganda yamekwisha, akaondoka.

Korosho za mwaka ule hazikuokotwa na mtu. Misumeno ilitangulia. Bi Biubwa akahamia Mkuza na sanduku lake, chumba cha uani, kitanda kimoja, dirisha limetazamana na ukuta wa jirani kwa karibu kiasi kwamba mtu anaweza kuusafisha ukuta ule bila kutoka nje. Umeme ulikuwepo. Maji ya bomba yalikuwepo, siku yanapotoka.

Akaitundika sanda ukutani. Kule kwa Ummu Samir nako mambo yalikuwa yamekwenda. Ghorofa ilikuwa imeshavunjwa, na wanawe wamekwenda zao na mnunuzi. Alibaki Ummu Samir na kiti chake na furushi la nguo, nyuma yake uwazi mtupu na anga. Ndiyo maana chumba cha Bi Biubwa kilikuwa na mwanga kuliko vyote nyumbani kwa Halidi, na wajukuu waliletwa humo kufanya kazi za shule.

"Siku yangu ikifika tutabanana humo kaburini," Bi Biubwa akamwambia siku moja.

Ummu Samir akaangalia kushoto na kulia. Akasogeza furushi, akasogeza kiti, akajilaza kwenye udongo kujaribu. "Wewe utalala huku ukutani," maneno yakasema. "Mimi nakoroma."

"Hata mimi naambiwa."

Bi Biubwa, ambaye tangu ahamie alikuwa anaulizia sanda nyingine, akaacha.

Halidi aliwatunza. Kila asubuhi kabla ya kwenda ofisini alipita kuamkia, na kwa kuwa waliokuwamo ni wawili, aliamkia mara mbili. Aliagiza vikombe viwili vya chai, kimoja kikanywewa na Bi Biubwa, kingine kikapoa mbele ya sanda mpaka kikapungua chenyewe. Msikitini akasifiwa. Ofisini akasifiwa pia, maana vijana wa siku hizi mama mmoja tu huwashinda, na yeye amechukua hadi wa Uarabuni.

Jirani yao Marselina, mama mmoja mcheshi wa upande wa pili wa ua, alikuja na bakuli la maharage kuwasabahi. Akakaa kitandani, akakitazama chumba, akaitazama sanda.

"Jamani, nyie mna bahati," akasema. "Watoto wanaojali hivi wako wapi siku hizi? Mimi wangu hata simu hapigi. Nyie mmetunzwa, mmepumzishwa, mnataka nini tena?"

Ummu Samir akamjibu. Alizungumza kwa kirefu, bila kupandisha sauti, mikono iko mapajani, na maneno yakapita chini yake mstari baada ya mstari, yakafika kwenye upindo, yakaanza tena juu. Marselina akayakazia macho.

"Miwani nimeiacha ndani," akasema. "Anasemaje mwenzio?"

Bi Biubwa alisoma mpaka neno la mwisho. Uani, Halidi alikuwa anaosha gari lake, anapiga mluzi.

"Anasema asante kwa maharage," akajibu.