Kosa Lolote, Ni Langu

Baba yangu hakuwahi kutunyanyulia mkono, na hilo anapenda kulitaja mbele ya wageni, kifua mbele, kana kwamba anadai medali. Silaha yake ilikuwa kununa. Alirudi kutoka kazini, akavua viatu, akafunga mdomo, na nyumba nzima ikafunga naye. Siku tatu. Mara moja zilifika siku tisa, mimi nikiwa darasa la pili. Mama, ambaye kazi yake katika ndoa ile ilikuwa kubeba ujumbe kutoka sebuleni hadi chumbani kwetu, alichungulia mlangoni akasema, "Nendeni mkamwombe baba yenu msamaha."

"Tumefanya nini?"

"Mnajua wenyewe."

Hatukujua. Mimi na kaka tuliketi kitandani tukaipekua wiki nzima kutafuta kosa, na lisipopatikana tulilitunga. Makosa hayo tuliyapeleka sebuleni matatu matatu. Baba aliyasikiliza macho yakiwa kwenye gazeti, akachagua moja lililompendeza, kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Kisha akaagiza chai. Mwanamume mzima! Leo majirani wanamwita mzee mpole, na kaka, ambaye zamani alitapika kila aliposikia geti likifunguliwa, anaitikia kwa kichwa. Nawadharau wote wawili. Nani zaidi, inategemea siku.

Mimi nilijiona nimepona. Nina binti wa miaka saba, tunaishi wawili tu, na tangu siku niliyotoka naye hospitali niliapa jambo moja: mtoto huyu hatatafuta makosa yake katika uso wa mtu. Mimi sinuni. Nikikasirika nasema, tena kwa sauti. Kila nikienda kumsalimu baba, namtazama pale kwenye kiti chake nikijisifu moyoni kwamba upuuzi ule umeishia kwake.

Nafanya kazi katika karakana ya miwani. Tuko watano. Mimi nasaga lenzi, na mwezi huu nilikuwa nipandishwe kuwa mkaguzi, yule anayeshika kila miwani kabla haijatoka na kusema imefaa au haijafaa. Juzi asubuhi lilirudi boksi kutoka kliniki moja: miwani ishirini, lenzi za kulia zimefungwa kushoto. Bosi wetu, mama ambaye kwa kawaida huanza kugomba akiwa bado mlangoni, aliliweka boksi mezani, akakaa, mkono shavuni, akanyamaza. Dakika moja. Mbili.

Anayefunga lenzi kwenye fremu ni jamaa tunayemwita Redio, kwa sababu hazimiki. Asubuhi hiyo alikuwa amezimika kabisa, anatazama kucha zake. Hata kipofu angejua nani kaharibu. Mimi nilijua. Lakini kimya kile kiliendelea, na kabla sijafikiri mdomo ukanitangulia.

"Ni mimi, bosi. Naomba unisamehe."

Hakuna aliyekuwa ameniuliza. Redio alishusha pumzi ndefu. "Jamani, binadamu hukosea," akanitetea, mnafiki yule.

"Andika barua," bosi akasema kwa nusu ya mdomo, akachukua mkoba wake akatoka.

Niliandika barua nzuri ajabu. Ilikuwa na majuto, ikawa na sababu, ikawa na ahadi. Fani hiyo naijua kuliko kusaga lenzi.

Mchana aliniita ofisini. Shavu lilikuwa limevimba, ametoka kung'oa jino. Kumbe kimya chote kile kilikuwa jino!

"Wiki ya kazi hiyo ulikuwa likizo," akasema. "Hukugusa hata skrubu moja."

"Ndiyo, bosi."

"Sasa umekiri nini?"

"Samahani."

"Unaona? Hata sasa hivi." Akanisogezea barua yangu. "Sikiliza, dada. Redio nitampa onyo, atalia, atajirekebisha. Wewe ndiye unanitia hofu. Nataka mkaguzi atakayeniambia miwani ni mbovu hata kama nimekunja uso. Wewe nikikohoa tu, utasema unachodhani nataka kusikia. Nafasi ile nampa mwingine."

Hakunitukana. Laiti angenitukana, ningepata pa kushika.

Jioni nilimpitia binti yangu shuleni, nikamshika mkono, tukatembea hadi nyumbani. Nilikuwa na hasira za kumgawia kila mtu: Redio, bosi na jino lake, na zaidi baba. Niliingia jikoni moja kwa moja nikaanza kukata vitunguu, huku nikimpangia yule mzee maneno ambayo najua sitamwambia kamwe. Sijui ulipita muda gani. Nilipogeuka, mtoto alikuwa amesimama mlangoni, bado na sare ya shule, mikono nyuma.

"Mama, samahani."

"Ya nini?"

Alinichunguza uso. "Nimemwaga maji bafuni."

Bafu lilikuwa kavu. Hakuna aliyeingia humo tangu asubuhi. Nilimkodolea macho, naye akaona kosa hilo halijatosha.

"Na nilimsukuma mwenzangu kwenye foleni."

Alisema vizuri mno, bila kigugumizi, na hapo nikajua hii si mara yake ya kwanza. Miaka saba nimemcheka baba kwa kununa kwake, kumbe mimi nanuna nikiwa nimesimama, nikikata vitunguu, na wala sina habari. Yeye angalau alijua anachofanya. Mpumbavu mkubwa mimi.

Nilipiga magoti nikamshika mabega. "Hujafanya kosa lolote. Umesikia? Lolote. Mama amechoshwa na mambo ya kazini."

Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, macho yake yakiendelea kutembea usoni kwangu.

"Basi," akasema, "ni zile soksi nilizopoteza."