Mwosha Mbele ya Kanali

Apolinaria alishuka treni kutoka Usinge, akaja moja kwa moja barazani kwangu.

"Shikamoo, mzee Mfaume. Mwanangu Modest anafungwa peke yake, na amri haikuwa yake."

Habari nilikuwa nazo. Mwaka ule wa sabini na tisa, mateka wa vita vya Kagera waliwekwa kambini nje ya mji, na mmoja akafa. Kapteni, mkuu wa kambi, alisema malaria. Ilipovuja kwamba alikuwa amefungwa kamba na Kanali akaja kuchunguza, ikawa askari Modest ndiye aliyemfunga mateka juani kwa kiherehere chake. Mkubwa eti hajui kitu. Kambi ile hata kuku hachinjwi bila Kapteni kujua.

Mwili niliuosha mimi, maana marehemu alikuwa Mwislamu. Na mwosha hasemi aliyoyaona kwa maiti. Ndiyo adabu ya kazi, na Kapteni aliitegemea. Lakini nilipomtazama mama yule, hasira ikanipanda. Yaani stara ya marehemu Kapteni aigeuze kuwa maficho yake? Nikavaa kanzu, tukaenda naye kambini.

Tulimkuta Kapteni anaapa mbele ya Kanali kwamba aliamini ni malaria mpaka Modest alipokiri juzi. Modest alisimama kando, macho chini. Nikaomba kusema. Kapteni akatabasamu.

"Mzee wangu, dini yako hairuhusu kutoa siri ya maiti."

"Siri ya maiti nimeizika naye," nikamjibu. "Nimekuja kusema yako. Uliniletea mwili mwenyewe, ukaniambia niuoshe upesi, nisiwafunulie watu mikono. Mimi nimeosha waliokufa kwa malaria tangu zama za Mwingereza, sijaambiwa na mtu nifiche mikono yao. Wewe ulijuaje kuna nini mikononi, na Modest alikuwa hajakiri?"

Mkono wa Kapteni ukaenda kwenye nyota za begani. Nikaona bado hajasikia aibu, ila hofu tu, na hilo likaniudhi kuliko yote. Mtu amekufa kwa kiu akiwa mikononi mwake, naye anawaza cheo.

Kanali alimgeukia Modest kwanza. "Wewe utajibu la kufunga." Kisha akasimama mbele ya Kapteni.

"Na wewe utajibu la kuamuru. Vua mkanda."