Kilo Kumi na Tatu za Restuta

Mizani ilimwambia Restuta kwamba amepungua kilo kumi na tatu ndani ya wiki tatu, na wala hakuwa ameharisha.

"Mia moja sitini na saba," alisoma Mwalimu Deogratias, mwamuzi wa mashindano ya mbio za pikipiki, akiwa ameziinamia zile namba nyekundu utadhani anasahihisha mtihani. "Kanuni inataka mia moja themanini, dereva akiwa juu ya pikipiki yake. Umepungua. Utoke."

"Nitoke niende wapi?"

"Nje ya mashindano, binti."

Restuta hakushuka. Alibaki juu ya pikipiki yake ya umeme, na pikipiki juu ya mizani, katikati ya uwanja wa mashine ya kukoboa mpunga ya Sylvanus, Ifakara mjini, watu wamejaa mpaka ukutani. Alikuwa na miaka ishirini na minne na mwili mdogo hivi kwamba vijiwe vyote vya bodaboda vilimwita Kibaba. Kwa sababu ya mwili huo, chini ya kiti alifunga mfuko wa mchanga, kilo ishirini na mbili, ili uzito utimie. Raundi ya Kiberege alipimwa, mia na themanini. Chita, mia na themanini. Kivukoni, kwenye mizani ya wauza samaki, mia na themanini vilevile, na harufu juu.

Kule Kiberege alishinda. Kule Chita alikuwa wa pili. Kivukoni alishinda tena, akawaacha wanaume wazima wakimeza vumbi lake kama ugoro. Ilibaki raundi hii moja, na hakuhitaji hata kushinda. Akimaliza tu, hata akiwa wa nne, ubingwa wa msimu ni wake, pamoja na betri mbili mpya. Mwaka mzima wenye pikipiki za petroli walimcheka, eti anaendesha simu, akiishiwa chaji atabipu. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuwajibu.

"Mwalimu, shikamoo," akaingia Mayunga, fundi wake, Msukuma mwenye mwili wa watu wawili na mdomo wa watu sita. "Huyu hata alipougua malaria hakupungua kilo kumi na tatu. Hana hizo kilo za kupungua! Angebaki nguo tupu."

Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka. "Marahaba. Namba ni namba, Mayunga."

"Mchanga ni uleule, mfuko ni uleule, sijaufungua toka Kiberege," Restuta alisema. "Mizani ni mbovu."

"Mbona wenzako wamepita?"

Wamepita, ndiyo. Wanaume kumi na mmoja walikuwa wamepanda na kupita. Omega, mpwa wake Sylvanus na wa pili kwa pointi, alilishwa wali toka hajaota meno. Yeye angepita hata angepimwa mguu mmoja. Uzito wa chini uliwabana wenye miili midogo, na mwenye mwili mdogo alikuwa mmoja tu.

Hapo ndipo Sylvanus mwenyewe alipotoka ofisini, shati jeupe, tumbo likitangulia kusalimia watu. Raundi hii aliidhamini yeye. Tena ndiye aliyeng'ang'ania kwamba upimaji ufanyike kwenye mizani yake mpya aliyoinunua mwaka jana, ili watu waione.

"Kuna nini?"

"Mizani yako mbovu," Restuta alirudia, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

"Hata shikamoo hakuna?"

"Nitakuamkia ikipona."

Sylvanus aliziangalia namba. Restuta, aliyekuwa amekasirika lakini hajapofuka, aliona kitu kikipita usoni pa yule mzee, kama mtu aliyekumbuka njiani kwamba ameacha jiko linawaka. Akamshika Restuta mkono, akamvuta pembeni, nyuma ya rundo la pumba.

"Sikiliza, mwanangu. Tusiharibu sherehe. Nitaongea na mwalimu akuruhusu uongeze mchanga. Kilo kumi na nne tu. Ukimbie, uchukue ubingwa wako. Haya ya mizani tuyaache hapahapa."

"Lakini nikitoka, bingwa ni mpwa wako."

"Omega ni kijana, msimu ujao upo."

Angekuwa mtu mwingine angesema asante. Restuta aliipima kwanza hiyo asante. Sylvanus, ambaye hajawahi kumwachia mtu hata punje iliyoanguka sakafuni, leo anagawa ubingwa wa mpwa wake? Bure? Mtu hatupi kuku ila nyuma yake ana ng'ombe wa kuficha.

Akageuka kuyatazama magunia yaliyopangwa ukutani. Na hapo akamkumbuka mama yake.

Mama Eufrasia alilima Kiberege, na mpunga wake aliupima kwa debe tangu Restuta hajazaliwa: debe sita, gunia moja, anapiga debe kiganja mara mbili ili mpunga ushuke. Miaka yote gunia lake lilitoa kilo themanini. Mwaka jana, kwenye mizani hii mpya, likatoa sabini na nne. Na lililofuata. Na lililofuata. Sylvanus alimwambia mama kwa upole kwamba mpunga wake una mapepe, maganda matupu. Mama akasema hapana, debe zangu ni sita. Na Restuta, binti msomi wa kidato cha nne, aliyesimama palepale, alisema nini? Alisema, "Mama, umezeeka, unakosea kuhesabu. Mizani haidanganyi."

Mbele za watu alisema hivyo. Tangu siku hiyo mama alihesabu debe kwa sauti, halafu anamwaga, anahesabu upya.

Hasira aliyokuwa nayo dakika tano nyuma ilikuwa ya mtoto aliyenyang'anywa pipi. Hii iliyopanda sasa ilikuwa ya mtu mzima.

"Nikiongeza mchanga, nanyamaza?"

"Ndiyo, mwanangu. Utulie tu, ukimbie."

Restuta alirudi uwanjani. Aliishusha pikipiki kwenye mizani.

"Mayunga. Ng'ambo pale kuna duka la vifaa vya ujenzi. Niletee mfuko wa simenti, ule ambao haujafunguliwa."

"Unajenga saa hii?"

"Lete!"

Mayunga aliuleta begani kama kanga mbili za zawadi, akaubwaga juu ya mizani. Kilo hamsini, imeandikwa ubavuni, mshono haujaguswa. Namba nyekundu zikacheza, zikatulia.

Arobaini na sita na nusu.

"Eh!" alisema Mayunga. "Hata simenti imeugua?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Uwanja ule ulijaa wakulima. Waliacha mashamba kuja kutazama mbio. Ungeweza kuwaona wakipiga hesabu za mwaka mzima midomo ikichezacheza. Sylvanus hakuwa mjinga. Ila mwizi wa kila siku husahau kwamba anaiba, kama mwenye miwani anayeitafuta huku ameivaa.

"Ni umeme," alisema. "Umeme leo ni mdogo..."

"Na siku ile nilipoleta gunia ishirini?" mama mmoja aliuliza kutoka nyuma.

"Na mimi? Uliniambia panya!"

Yaliyofuata hayahitaji kusimuliwa kwa utaratibu, maana hayakuwa nao. Mlango wa ghala ulisukumwa, mtu akaenda kumwita mtendaji wa kata, wanawake wakakaa chini barabarani, palepale kwenye mstari wa kuanzia, wakasema hapiti hata baiskeli mpaka magunia yapimwe upya.

Mwalimu Deogratias alimfuata Restuta, karatasi zake zimekunjamana. "Raundi isipokimbiwa, msimu haukamiliki. Hakuna bingwa. Unaelewa? Ungenyamaza nusu saa tu, Restuta. Ungekimbia kwanza, ukasema baadaye."

"Ningekimbia na mchanga wa kunifunga mdomo, mwalimu?"

Hakusubiri jibu. Betri ilikuwa imejaa, haijatumika hata tone. Aliitumia nusu yake kwenye barabara ya Kiberege, upepo ukimtoa machozi, au tuseme ni upepo.

Mama yake alikuwa uani, anapeta.

"Umeshinda?"

"Hapana. Mama, debe zako zilikuwa sita. Mizani ya Sylvanus inaiba. Nimeipima kwa simenti, mbele ya watu."

Mama Eufrasia aliendelea kupeta mara tatu, nne. Kisha akauweka ungo chini.

"Kwa hiyo mimi nilivyosema sita hukusikia. Simenti ndiyo umeisikia."

"Nisamehe, mama."

"Tutaongea. Watu bado wapo?"

"Wapo. Wamekaa barabarani."

Mama aliingia ndani, akatoka amejifunga kanga kiunoni, mkononi ana lile debe lake la bati, lililobonyea upande mmoja.

"Toa huo uchafu wako chini ya kiti, nipande."

Restuta aliufungua mfuko, akamwaga mchanga wote palepale uani. Mama akapanda, debe mapajani.

"Nitaenda polepole, mama. Najua unaogopa mwendo."

"Nani kakwambia polepole?" alisema Mama Eufrasia. "Endesha!"