Ufunguo wa Chumba cha Popo

Msimu wa popo kunyonyesha, lango la ndani la pango hufungwa. Wageni huishia ukumbi wa mbele, wakastaajabu, wakatoka. Funguo za lango hilo zilikuwa mbili. Mmoja alikuwa nao mlinzi, mwanamke wa makamo. Wa pili alikuwa nao dereva mstaafu, mzee aliyejitolea kusugua maandishi ya wageni ukutani kwa mswaki na maji matupu, pole pole, kama anayemwogesha mtoto.

Jioni moja, wageni wameshaondoka, mdogo wake mlinzi akaja na mchumba wake.

"Dada, tupige picha kule ndani tu. Hujamaliza kufagia tumetoka."

"Kule kuna wazazi na vichanga vyao."

"Ndiyo vizuri. Wifi yako huyu akajifunze kulea."

Mlinzi akacheka, akafungua. Hakujua kwamba kwenye mkoba walikuwa na mishumaa.

Asubuhi sakafu ya ndani ilikuwa na matone ya nta, na katikati yake popo wachanga, wekundu, bila manyoya, wamekufa. Mama zao walishtushwa na moto, wakaruka, na watoto wakaanguka.

Mwenyekiti wa kamati ya pango aliuliza nani aliacha lango wazi. Mlinzi alikuwa ameshavuta pumzi aseme. Dereva akamtangulia.

"Itakuwa mimi. Jana nililipaka kufuli mafuta. Nadhani nililifunga, lakini kichwa changu siku hizi gunia lililotoboka."

Mwenyekiti akanyoosha mkono. Mzee akavua kamba shingoni, akatoa ufunguo. Mlinzi akachuchumaa, akakwangua nta kwa kucha, asiangaliwe usoni.

Mdogo wake alimtumia picha. Alizifuta bila kuzitazama.

Wiki haikuisha, binti wa dereva akapita langoni.

"Baba hapiki tena," alisema. "Eti aliyesahau kufuli atasahau na moto. Mimi niko kazini, yeye anashinda na njaa. Kiberiti kanipa mwenyewe, nikifiche."

Mlinzi alifunga pango, akafuatana naye nyumbani. Alimkuta mzee kibarazani, mikono mapajani.

"Mzee wangu, kufuli ulilifunga. Nililikuta limefungwa. Nilifungua mimi, kwa ajili ya mdogo wangu."



"Nililifunga?"

"Barabara kabisa."

"Na uliniona nikitoa ufunguo."

"Nilikuona."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza, baba."

Mzee akamwita binti yake alete kiberiti. Akawasha jiko mwenyewe, akabandika birika, akatoa kikombe kimoja. Mlinzi aliendelea kusimama. Hakuna aliyemkaribisha kiti.

"Mwenyekiti yupo ofisini?" mzee aliuliza, mgongo kamgeuzia.

"Yupo mpaka jioni."

"Sasa hapa kwangu unangoja nini?"

Mlinzi akavaa viatu vyake.