Dakika Nne za Kugonga

Jumamosi fundi cherehani alikwenda kununua zipu kumi na mbili nyeusi na uzi wa bluu. Nje ya duka la zipu palikuwa na meza ya diski za filamu, na muuzaji akamshikisha moja ya kutisha kwa bei ya kutupa, kwa maelezo kwamba imekaa juani mpaka jalada limepauka. Jaladani kulikuwa na mwanamke aliyejifunika shuka jeupe, akichungulia kutoka kwenye tangi la maji. Fundi si mpenzi wa mambo ya kutishana. Aliinunua kwa sababu kesho yake ilikuwa Jumapili na mumewe angekuwa nyumbani.

Jumapili hiyo, baada ya chakula cha mchana, walikaa sebuleni, ambapo siku nyingine zote ndipo karakana yake. Mumewe, mpaka rangi wa nyumba, alijinyoosha kwenye kochi, nywele zikiwa bado na madoa ya krimu. Mama mzazi wa fundi, anayeishi nao tangu afiwe na mume, alikaa karibu na dirisha akichambua vifungo vya mashati.

Filamu ilikuwa mbovu na hakuna namna ya kuipamba. Damu ilikuwa ya zambarau. Kivuli cha mtu aliyeshika kipaza sauti kilipita ukutani mara tatu, na mara ya tatu kilikuwa kinatafuna. Mzimu wenyewe ulikuwa mwanamke mwembamba, miguu peku, aliyegubikwa shuka gubigubi. Uliingia kwenye tangi la saruji lililokuwa uani, mfuniko ukafungwa, kisha kukaanza kusikika kugonga kutoka ndani.

“Hapa wameishiwa hadithi,” mpaka rangi akasema, akachukua rimoti na kupeleka mbele. Zilipita kwa kasi dakika nne nzima, na picha ilikuwa ileile ya mfuniko.

Mfuniko ulipofunguliwa hatimaye, mzimu ulitoka ukiwa umeongezeka urefu kwa kichwa kizima, una mikono yenye vinyweleo tele, na umevaa raba. Mpaka rangi alicheka mpaka akapaliwa.

“Raba kazinunulia wapi humo ndani?”

“Kizuri chajiuza,” mama akasema bila kuinua macho kutoka kwenye vifungo.

“Kibaya chajitembeza,” mkwe akamalizia, akajifuta machozi.

Fundi hakucheka. Mawazo yake yalikuwa yamebaki kwenye kona ya shuka lililoingia tangini, penye uzi mwekundu. Kila fundi ana mkono wake, na yeye hufunga kila kona kwa msalaba mdogo wa uzi, mara mbili, ili isifumuke. Maishani mwake ameshona shuka moja tu jeupe kwa uzi mwekundu, kwa kuwa siku hiyo uzi mweupe ulikuwa umekwisha. Alimshonea mdogo wake, ambaye nyumbani humwita Kitinda kwa sababu ndiye kitindamimba, siku alipoondoka kwenda kuigiza filamu.

Hiyo ilikuwa miaka mitatu iliyopita. Baada ya wiki chache mwongozaji wa filamu alituma ujumbe kwamba kazi imekwisha, na Kitinda amepata mchumba na kuvuka naye mpaka. Baadaye baba yao akafa. Walimtafuta Kitinda kwa kila namba waliyokuwa nayo, na hakutokea. Siku ya mazishi mama alisimama mbele ya watu akasema kwamba aliyeshindwa kuja kumzika baba yake asije kumzika yeye, na radhi yake hana. Tangu hapo jina la Kitinda halikutajwa mle ndani.

Jumatatu, mama akiwa amesinzia kitini, fundi aliiweka diski tena ili aitazame ile kona vizuri. Alizima sauti asimwamshe. Kwa kuwa mikono yake ilikuwa na kazi ya kupinda suruali, rimoti hakuigusa, na zile dakika nne zikapita zote, kimya kimya. Ya nne ilipokwisha, maji yalianza kuchuruzika chini ya televisheni. Kisha Kitinda akatoa mguu mmoja, akaukanyaga mkeka, akatoa na wa pili. Alikuwa amelowa chapachapa. Fundi alisogeza suruali ya mteja isilowe, akamletea taulo.

“Dada, upindo umefumuka,” Kitinda akasema, akimwonyesha shuka.

“Kaa nikushonee.” Alitunga uzi mwekundu. “Kilitokea nini?”

“Walifunga mfuniko ili mwanga usiingie. Bomba waliliacha wazi, walitaka sauti ya maji. Kisha chakula kikaletwa.”

“Halafu?”

“Wakaenda kula.”

Fundi aliendelea kushona. Ilimbidi afumue nusu ya alichoshona, maana mishono ilikwenda upande.

Mama alizinduka. Alimtazama binti yake wa mwisho kuanzia utosini mpaka kwenye dimbwi lililomzunguka miguu, akageukia dirisha. “Mwambie huyo mgeni maji yake akayamwage nje,” akasema.

“Shikamoo, mama,” Kitinda akasema. Mama hakuitikia. Filamu ilipofika mwisho, Kitinda aliaga, akarudi ndani ya televisheni kwa njia ileile.

Ikawa ndiyo kawaida. Kila alasiri fundi aliiweka diski bila sauti, na dakika nne zikiisha Kitinda alitoka, akakaa kwenye kigoda cha wateja nusu saa iliyobaki. Upindo ulikuwa umefumuka tena kila alipokuja, na dada mtu aliushona tena. Wateja waliokuja kupimwa walimsalimia, wakapandisha nguo kidogo zisiguse maji. Mpaka rangi alileta beseni la kuchanganyia rangi, akaliweka chini ya televisheni, akamwomba shemeji yake radhi kwa kuwa Jumapili alicheka. Kitinda alimwambia hata yeye angecheka, zile raba zinachekesha.

Mama peke yake ndiye aliyekaza shingo. Kitinda alimwamkia kila siku, naye kila siku alivihesabu vifungo upya.

“Mama, amekufa,” fundi alimwambia.

“Hata waliokufa huaga,” mama akajibu. “Baba yake aliaga.”

Siku ya Alhamisi Kitinda alimshika dada yake mkono, na mkono wake ulikuwa baridi kama bomba la asubuhi. “Sitaki kesi,” akasema. “Nataka mama aitikie tu. Bila radhi yake kule ndani hakukaliki.”

Fundi alitaka vyote viwili. Alikwenda kituo cha polisi na diski yake, na askari wa zamu akaiweka kwenye deki iliyokuwa imekamatwa kwenye wizi. Walipofika kwenye tangi, askari alichukua rimoti. “Twende palipo na kitu,” akasema. Fundi alimsihi, wakarudi nyuma, wakasubiri, na Kitinda akatoka, akalowesha meza. Askari alivuta daftari lake pembeni, akaandika jina na umri.

“Kitambulisho?”

“Kilikuwa kwenye mkoba,” Kitinda akasema. “Mkoba alibaki nao mwongozaji.”

Askari aliweka kalamu chini. “Basi kileteni, tutaendelea. Na mje na shahidi aliyekuwepo, aliye hai. Marehemu hawezi kujishuhudia mwenyewe, tungekuwa na foleni mpaka barabarani.”

Kwa hiyo Ijumaa fundi alikwenda kwa mwongozaji. Ofisi yake ilikuwa na ua, na uani palikuwa na tangi la saruji. Mfuniko ulikuwa umezibwa kwa zege, na juu ya zege palipangwa vyungu vitatu vya maua. Katibu alimwambia akae hapo kwenye ukingo asubiri zamu yake. Alikaa, kisha akasimama, akasubiri akiwa amesimama.

Mwongozaji alikuwa mtu mrefu, mchangamfu, amevaa raba. Fundi alizifahamu. Aliposema yeye ni dada wa nani, mwongozaji alimvutia kiti mwenyewe.

“Ile sehemu ya kugonga,” akasema, “nimeipigania sana. Wenzangu walitaka niikate. Nikawaambia, sauti kama ile hamtaipata mara mbili.”

“Mlikuwa mnaisikia?”

“Tuliisikia vizuri. Tulikuwa hapo kivulini tunakula. Tukasema, huyu binti ana kipaji.” Alitikisa kichwa kwa masikitiko. “Lakini wateja wamelalamika, wanasema inachosha. Sehemu ya pili tutaifupisha. Tunatafuta msichana asiyeogopa maji, kama unamfahamu mmoja.”

Wiki nzima fundi alikuwa akimkausha marehemu kwa taulo bila moyo kumwenda mbio. Hapo ndipo alipopigwa na bumbuwazi. Alijikuta anatazama kamba za zile raba, zilivyofungwa vizuri, fundo mara mbili. Hakukumbuka alivyoinuka. Alipofika nyumbani alikuwa bado ameshika kalenda aliyopewa na katibu.

Hakumweleza mama lolote. Aliiweka diski, na kwa mara ya kwanza akafungulia sauti mpaka mwisho.

Mzimu uliingia tangini. Mfuniko ukafungwa. Maji yalisikika, na mbali kidogo vijiko vikigonga sahani, na mtu akicheka. Kisha kugonga kukaanza. Mara tatu, kimya kidogo, mara mbili. Mara tatu, kimya, mara mbili.

Kifungo kilimdondoka mama mkononi.

Katika nyumba waliyokulia, komeo la bafu lilikuwa bovu, na Kitinda akiwa mdogo lilimfungia ndani mara kwa mara. Mama alimfundisha asilie, kulia kunamaliza pumzi. Agonge mara tatu, angoje, kisha mara mbili, na mama popote alipo atajua ni yeye. Mama akisikia alijibu kwa kugonga mara mbili kutoka nje, maana yake, nimesikia, nakuja. Hata siku moja hakukawia.

Dakika ya kwanza ilipita, na ya pili. Kugonga kulikuwa kunapungua nguvu, lakini hakukukosea hesabu. Mpaka rangi, aliyekuwa ameingia kutoka kazini, alisimama mlangoni na ndoo yake. Mama aliinuka, akaenda mpaka kwenye televisheni, akapiga magoti kwenye maji, akagonga kioo kwa kifundo cha kidole. Mara mbili.

Ndani ya tangi kukawa kimya. Ilikuwa imebaki dakika moja na nusu.

“Nimesikia, mwanangu,” mama akasema. “Nimechelewa. Radhi yangu unayo, nzima. Mimi ndiye niliyekosa.”

Kitinda alitoka mapema siku hiyo, mkavu. Alimwamkia mama yake, na mama akaitikia. Upindo haukuwa umefumuka. Walikaa pamoja mpaka filamu ikaisha, na mama alilia waziwazi, bila kuficha uso.

Wiki iliyofuata mama aliomba apelekwe kwa muuza diski. Alimuuliza nakala nyingine ziko wapi, na kama mle nako kunagongwa. Muuzaji alisema zimetolewa elfu mbili, zote sawa, nyingi zimeshanunuliwa, na watu wanalalamika pale katikati. Alimwonyesha na tangazo la sehemu ya pili. Mwongozaji alikuwa pichani akitabasamu, pamoja na msichana aliyelowa.

Siku hizi mama huondoka asubuhi na fimbo yake na orodha ya nyumba zenye ile diski, ambazo wateja wa bintiye wamemsaidia kuzipata. Akifika hubisha hodi, hujieleza, na wenyeji humkaribisha, humwekea mto apige magoti. Huwaomba wasiguse rimoti. Kugonga kukianza, hujibu, hungoja kimya kiingie, huvaa viatu na kushukuru. Kwa siku huwahi nyumba mbili, tatu zikiwa jirani. Ana miaka sabini na minne.